Manivele Mbili Ziko Goma

Vane haitaki maombi, inataka grisi. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, siku prezida wa komite yetu ya maji alipoleta wakristo wenye mishumaa kuja kubariki barage, na watu wakashika midomo. Sikujali. Mimi ni mukatoliki tangu tumbo la mama, najua kusali, lakini skuru ya chuma yenye kutu haijui Salamu Maria. Miezi minne nilikuwa nimeomba kopo moja la grisi. Nikaletewa mishumaa!

Barage yenyewe haikuwa kitu cha kutisha mutu. Iko juu kidogo ya Kalengera, kwenye kijito kinachoshuka toka milimani. Ni ukuta wa udongo ulioota majani, urefu wake kama uwanja wa mpira, na katikati yake kuna mulango wa chuma unaozuia maji. Mulango ule ndio tunaouita vane. Vane inapandishwa na skuru ndefu iliyosimama wima, yenye kichwa cha pembe nne. Juu ya kichwa kile unavalisha manivele, chuma kizito kilichopindwa, urefu wa mukono wa mutu muzima, halafu unazungusha kwa nguvu za mugongo. Ukifika mara makumi tatu na mbili, vane iko wazi kabisa. Bila manivele unaweza kuimba, unaweza kulia, haisogei.

Chini ya ukuta kuna bonde la maharagi, mboga za shu na puaro, na vitunguu, na bonde lote lilikunywa kwa vane ile. Nyumba ya kwanza chini ya ukuta, ile ambayo maji yangeifikia kabla mutu hajamaliza kupiga kelele, ilikuwa ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. Alijenga pale kwa sababu shamba lake lilikuwa pale. Nilimukataza mpaka nikachoka. Akaniambia, "Si ni wewe njo unalinda ukuta? Basi mimi nitalala usingizi." Maneno hayo yalinifanya niwe mukali kuliko inavyofaa.

Kila siku ya tano, ijumaa, asubuhi nilipanda ukutani na jembe, panga na kitambaa. Kwanza nilisoma kipimo, ule muti wenye mistari ya rangi uliosimama ndani ya maji. Maji yakiwa kwenye mustari mweusi, sawa. Yakikaribia mwekundu, hatari, fungua vane haraka. Halafu nilitembea upande wa chini wa ukuta bila viatu, kwa sababu nyayo zinasikia unyevu kabla ya macho kuuona. Fuko akichimba shimo, nililishindilia udongo wa mufinyanzi mpaka mabega yaume. Muti ukiota, hata uwe mudogo kama kidole, niling'oa na muzizi wake, kwa sababu muzizi ukioza ndani ya ukuta unaacha njia, na maji hayahitaji kuonyeshwa njia mara mbili. Mwisho nilipanguza skuru, nikaipaka grisi, na siku ambazo grisi ilikosekana, yaani siku nyingi, nilipaka mawese. Halafu nilizungusha manivele mara tatu tu, matope yaliyolala chini yapate kutoka, nikafunga.

Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na watu wanauliza kwa nini wewe uko pale. Wanapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanasema vizuri sana! Kisha wanafunga mbuzi wao juu ya ukuta uleule, mbuzi wanachimba kwa kwato, na ukiwafungua unaitwa mwizi. Mama mumoja alipanda viazi vitamu kwenye ukuta kwa sababu udongo wake ni laini. Niling'oa tuta lote mbele yake, nikamurudishia mbegu zake mukononi. Alilia. Wakasema mimi mwanamuke nina roho ya chui. Aka! Wacha niwe chui. Siku ya posho, jumamosi, ilikuwa salongo, kazi ya wote, kuzibua mifereji, na mwenye kuchelewa nilimutuma arudi kulala, kwa sauti ya kufika barabarani.

Manivele ililala chini ya kitanda changu. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Baba yangu alikuwa mulinzi kabla yangu, na zamani zake manivele ilikaa palepale juu ya skuru, yeyote aliweza kuishika. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi, barabara ikajaa watu waliovuka mupaka na godoro kichwani, na nyuma yao askari wa kila namna. Askari fulani walifungua vane wapate maji ya kuosha magari yao kwenye mufereji. Walipomaliza wakaenda zao, wakaiacha wazi. Kwa siku mbili bwawa lilikauka, maharagi yakiwa kwenye maua. Mwaka ule tulijua njaa inavyolala na mutu kitanda kimoja.

Baba akaitoa manivele pale, akaapa haitalala tena nje ya nyumba ya mulinzi. Fundi wa chuma akatengeneza ya pili, ikapewa prezida wa komite, kusudi mulinzi akigonjwa vane isikose wa kuifungua. Mulinzi na prezida, basi. Mutu mwengine akigusa, ni kesi. Baba alipokufa nilirithi kazi pamoja na kile chuma, na nikaapa vilevile. Hakuna mutu niliyemuruhusu hata kukibeba toka nyumbani mpaka ukutani. Nilijiona mwenye akili sana.

Vita iliporudi, ilirudi asubuhi, watu wakiwa shambani. Mabomu yalianza kulia upande wa milima, na kabla ya saa nne barabara yote ilikuwa inaelekea Goma. Kila mutu alibeba kile alichokithamini. Godoro, sufuria, kuku, mashini ya kushona. Mimi nilivuta manivele toka chini ya kitanda, nikaifunga mugongoni na kitenge kama mutoto wa kunyonya. Sufuria niliacha. Mbegu niliacha. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba askari wataikuta na kukausha bwawa tena.

Nilipita kwa yaya. Alikuwa amekaa mulangoni anachambua maharagi, mabomu yanalia, na yeye anatupa vijiwe pembeni. Ndani alilala mama mukwe wake aliyepooza, mutu ambaye huwezi kumubeba hata mpaka Rumangabo hapo karibu. "Mimi sikimbie," akaniambia. "Nitamuacha huyu na nani?" Kisha akaona ncha ya chuma ikitokeza begani mwangu.

"Hiyo uniachie," akasema. "Mvua iko karibu."

"Manivele ni ya mulinzi, yaya. Unajua."

"Na mulinzi anaenda wapi?"

Nilikasirika. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na woga, na woga wangu siku zote unatoka kinywani ukiwa hasira. Nikamujibu neno ambalo bado linaniuma kama mwiba: "Nikikuachia wewe, kesho kila mutu atakuomba, na wewe hujui kukataza mutu. Prezida yuko na ya kwake. Maji ikipanda, muende kwake." Alinifungia mahindi ya kuchoma ndani ya jani la mugomba, akaniambia niende vizuri. Nikaenda.

Katoyi, mutaa mumoja wa Goma, nilipata chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Mimi niliyekuwa na bwawa zima, nilisimama foleni na bidon ya manjano tangu asubuhi, nasukumana na wamama wengine kwa maji ya kupikia tu. Wee, ile ilinikasirisha mpaka nikaacha kusalimia watu. Kila siku ya tano nilitoa manivele chini ya godoro, nikaipanguza, nikaipaka mawese, nikairudisha. Wenye nyumba waliniangalia wakafikiri ni dawa za kienyeji. Niliwaacha wafikiri.

Mvua ikaanza, na haikuwa mvua ya kuuliza hodi. Ilinyesha juma zima. Asubuhi moja telefone ikalia. Alikuwa mwalimu wa shule ya kule kwetu, aliyepanda kilimani kutafuta rezo ya telefone.

"Mama, maji imebakisha vidole vine kufika mustari mwekundu. Manivele iko wapi?"

"Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Goma."

Nilimusikia akiwarudishia wenzake neno lile, Goma.

"Basi chukueni ya prezida!" nikafoka. "Kuko ya pili! Munangoja nini?"

"Prezida naye alikimbilia uko Goma, mama. Jana tulivunja mulango wake, tukatafuta mpaka kwenye dari. Manivele haiko."

Nikauliza habari za yaya. Amekataa kutoka, akasema. Walijaribu kumubeba yule mama mukwe na kitanda chake, wakazama kwenye matope mpaka magoti, wakamurudisha ndani. Yaya yuko naye. Halafu rezo ikakatika.

Kumupata prezida hakukuwa kazi, watu wa kwetu wanajuana Goma kwa kukohoa tu. Alikuwa kwenye Katoyi ileile, barabara mbili juu ya kwangu! Miezi miwili tumechota maji bomba moja bila kukutana. Nilibisha. Ndani nikasikia chuma kinakwaruza mbao, kinatolewa, mulango ukafunguka, na prezida akasimama mbele yangu na manivele mukononi. Alikuwa anabania mulango nayo.

"Mama mulinzi! Karibu. Samahani, hapa kufuli hakuna, na wezi ni wengi."

Nilimuangalia yeye, nikaangalia chuma, nikalipuka. Nilimuita majina ambayo siwezi kuandika. Nilimuuliza kama mulango wake wa mbao mbovu una thamani kuliko bonde. Nilimuuliza kama anafahamu nani analala chini ya ukuta ule. Majirani wakatoka na watoto wao kuja kuona.

Alingoja nimalize. Ni mutu mupole, na upole wake uliniwasha zaidi. "Mama," akasema, "mimi nilifikiri ya kwako imebaki. Nilijiambia, yule mama hawezi kuacha vane. Hata dunia iishe, hawezi. Kwa hiyo nilibeba yangu, askari wasiipate."

Nilitaka kumupiga, kwa sababu alikuwa amesema maneno yangu. Ndivyo nilivyojiambia mimi pia. Kila mumoja wetu alimutegemea mwenzake abaki, na kila mumoja alishika sheria ya baba barabara, bila kukosea hata herufi.

"Manivele mbili ziko Goma," nikapiga kelele mbele ya mutaa muzima, "na vane iko Kalengera!" Kuna watu walicheka. Haki ya Mungu, walicheka. Nilimunyang'anya ya kwake pia, nikamuambia abanie mulango na jiwe, Goma haijakosa mawe.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, manivele mbili zimefungwa mapajani, mvua inatupiga usoni. Kwenye baryeri ya kwanza, kamba ya askari iliyofungwa barabarani, walituacha tupite. Ya pili, kijana mumoja mwenye bunduki alizishika, akazigeuza, akasema hivi ni vipande vya silaha kubwa.

"Silaha gani iko na tundu la pembe nne?" nikamuuliza.

"Hiyo utaeleza wakubwa."

"Wakubwa wako wapi?"

"Banakuja."

Tuliketi kando ya barabara tangu saa nne mpaka saa nane. Saa nne nzima! Nilieleza vane, nilieleza skuru, nilichora kwenye matope na kijiti, nilitaja mwanamuke aliyepooza na mwanamuke anayekaa naye. Alitafuna muwa. Mwishoni nikamuambia, "Mwanangu, wewe unalinda kamba na mimi nalinda maji. Kamba yako ikikatika utafunga ingine." Dereva wa moto akanivuta kitenge ninyamaze. Alikuwa na haki, bunduki haisikilizi mithali, lakini nilikuwa nimefika pale ambapo mutu hasikii tena woga.

Mukubwa alipokuja, alikuwa muzee mwenye miguu ya mukulima. Aliingiza kidole kwenye tundu la manivele, akaliona limelainika kwa miaka ya kazi. "Ni ya vane," akasema. "Uko kwetu pia tuko nayo." Akatupungia tupite. Hakuomba msamaha kwa zile saa nne, na mimi sikumushukuru. Tukapita Rumangabo bila kusimama, moto ikiteleza kila kona, na njia nzima nilikuwa nahesabu vidole vile vine vya mwalimu, kimoja kimoja, kadiri mvua ilivyozidi.

Tulifika Kalengera jioni, mvua imekatika na jua limetokeza kidogo juu ya mulima. Sikwenda nyumbani kwa yaya, nilikimbia ukutani moja kwa moja, kwa sababu kama ukuta umekwenda, nyumba ningeitafuta ya nini. Ukuta ulikuwa umesimama. Majani ya juu, sehemu moja, yalikuwa yamelala yote kuelekea chini, maana yake maji yalikuwa yamepita juu yake. Lakini sasa yalikuwa yameshuka shubiri mbili chini ya mustari mwekundu, na chini ya vane maji yalitoka yakinguruma. Mutu alikuwa ameifungua. Si sana, lakini ilitosha.

Nilifurahi kwa pumzi moja. Kisha nikaona kichwa cha skuru.

Mama yangu we! Pembe zote nne zilikuwa zimeliwa. Kile kichwa nilichokipanguza na kukipaka mafuta miaka kumi na moja kilikuwa kimechubuka, kimekuwa mviringo, na pembeni yake limetupwa shoka bila mupini, tundu lake limepasuka. Wamama walikuwa pale wanajaza udongo kwenye mifuko, wamelowa, na mimi nikawageukia na hasira yote ya Katoyi, ya prezida, ya baryeri.

"Nani mupumbavu amekula kichwa cha skuru? Nani amewaambia muweke shoka hapa? Munajua kitu hiki ni cha miaka mingapi? Mutu asiye na akili hata ya kuku! Ajitokeze nimuone!"

Waliangalia nyuma yangu. Yaya alikuwa anakuja kwenye ukuta, matope mpaka kwenye mapaja, anatembea polepole. Alinipa kifundo cha mukono wa kushoto nikishike, vile tunavyosalimiana mutu akiwa na udongo vidoleni, na mimi nikakishika huku bado nafoka.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Yule mupumbavu."

Hapo ndipo nikaona kwamba mukono wa kulia aliufunga kifuani, na kitenge kilichouzungushia kilikuwa cheusi kwa damu iliyokauka. Alinieleza kwa sauti ya mutu anayeeleza namna alivyopika. Maji yalipoanza kupita juu ya ukuta, waliingiza kichwa cha skuru ndani ya tundu la shoka. Wakafunga muchi wa kutwangia kwenye shoka kwa kamba, yeye akashika karibu na chuma, wengine wakasukuma mwisho wa muchi. Skuru ilikubali kuzunguka mara nne. Mara ya tano shoka iliteleza.

"Vidole ngapi?" nikauliza.

"Tatu. Mwalimu alivitafuta, lakini maji ilikuwa mingi."

"Na mama mukwe?"

"Amelala. Maji ilifika kwenye mulango, ikarudi. Hajui kitu."

Nilitaka anitukane. Nilingoja. Nilisimama mbele yake kama mutu anayengoja fimbo, kwa sababu fimbo ingenisaidia. Alinitazama tu, amechoka, akaniuliza kama nimekula. Niliona haya ambayo sijawahi kuona maisha yangu yote, na kwa kuwa sikujua la kufanya na haya, nilifanya kile ninachokijua. Nilichukua manivele yangu nikaivalisha kwenye skuru, nifungue zaidi, angalau nimalize kazi yake.

Ilizunguka bure. Pembe zilikuwa zimekwisha, chuma hakikuwa na pa kushika. Nikajaribu ya prezida. Ilizunguka bure vilevile. Wamama waliacha mifuko yao wakaniangalia, na mimi nimesimama juu ya ukuta na manivele mbili mikononi, hakuna hata moja inayofaa. Vane ilibaki pale yaya alipoiacha, imezungushwa mara nne tu, mpaka mvua zikaisha.